MGAO ULIOTANGULIA MAVUNO
Somo la ardhi, shule na saruji kutoka Korea ya Kusini

Mwezi wa Oktoba mwaka 1970 serikali ya Korea ya Kusini ilianza kupeleka saruji vijijini. Viwanda vya nchi hiyo vilikuwa vimetengeneza saruji nyingi kuliko iliyoweza kununuliwa, na maghala yalikuwa yamejaa. Kila kijiji, kikubwa kwa kidogo, kilipewa mifuko 335 bila malipo, na vijiji vilivyopata mgao huo vilizidi 33,000. Sharti lilikuwa moja: saruji isigawanywe nyumba kwa nyumba, bali itumike kwa kazi itakayowafaa watu wote, na wanakijiji wenyewe wakutane na kuamua kazi hiyo iwe ipi.

Baadaye maofisa walipita kukagua. Vijiji vingine vilikuwa vimepanua njia, vimetengeneza visima, madaraja madogo na mahali pa kufulia nguo. Vingine havikufanya jambo la maana. Serikali ikachagua vijiji 16,600 vilivyoonyesha juhudi, ikavipa kila kimoja mifuko mingine 500 pamoja na tani moja ya nondo za chuma. Vijiji vilivyolala havikupewa kitu. Hivyo ndivyo zilivyoanza zile juhudi zilizoitwa Saemaul Undong, maana yake Harakati ya Kijiji Kipya, ambazo habari zake zimefika hata katika Afrika.

Lakini mtu mwenye kufikiri atauliza swali. Ni nchi gani inayoendelea ambayo haijapata kugawa saruji, mbegu, majembe au mbolea? Ni mara ngapi mali ya umma imeonekana ikiuzwa dukani kwa mtu, au daraja limeachwa nusu mpaka nyasi zikaota juu yake? Ikiwa saruji ni ile ile, kwa nini ilizaa matunda huko, na mahali pengine ikapotea? Jibu la swali hili halimo ndani ya mfuko wa saruji. Limo katika mambo yaliyotendeka miaka ishirini kabla mfuko huo haujafika kijijini.

Kwa muda mrefu wataalamu wengi wa uchumi walifundisha kwamba nchi maskini hapana budi itajirike kwanza, kisha ndipo igawane utajiri wake. Walisema, chungu kijae kwanza, watu watapakuliwa baadaye. Yaliyotokea Korea ya Kusini yanatulazimisha kulifikiri upya fundisho hilo, kwa maana huko mgao mkubwa ulikuja wakati chungu kilipokuwa karibu kitupu.

ARDHI KWANZA

Wajapani walipoondoka Korea mwaka 1945, baada ya kuitawala kwa miaka thelathini na mitano, mashamba mengi ya mpunga yalikuwa mikononi mwa makabaila. Karibu nusu ya wakulima hawakuwa na shamba lolote lililo lao, na wengine wengi walikuwa na kipande kidogo tu, wakakodi kilichobaki. Kodi yenyewe aghalabu ilikuwa nusu ya mavuno, au hata zaidi. Mtu aliyelima kwa bidii alimnenepesha kabaila. Mtu aliyelima kwa uvivu alikufa njaa. Katika hali kama hiyo hakuna mkulima atakayejisumbua kuchimba mfereji au kutengeneza njia, kwa sababu faida ya mfereji huo itakwenda kwa mwingine.

Nchi ikagawanyika sehemu mbili. Upande wa kaskazini ulitangulia kuwagawia wakulima ardhi mwaka 1946, na habari hizo ziliwafikia wakulima wa kusini, wakaanza kudai haki yao. Katika upande wa kusini, utawala wa majeshi ya Marekani uliagiza mwaka 1945 kwamba kodi ya shamba isizidi theluthi moja ya mavuno. Mwaka 1948 ukaanza kuwauzia wapangaji mashamba yaliyokuwa ya Wajapani. Kisha serikali mpya ya Korea ya Kusini ikatunga Sheria ya Mageuzi ya Ardhi mwaka 1949, ikairekebisha mwaka 1950. Sheria hiyo ilisema kwamba ardhi ya kilimo ni ya mwenye kuilima, na kwamba jamaa moja isiwe na zaidi ya hekta tatu hivi. Ardhi iliyozidi kiasi hicho ilinunuliwa na serikali, ikauzwa kwa waliokuwa wakiilima. Bei yake ilikuwa sawa na mavuno ya mwaka mmoja na nusu, nayo ililipwa kidogo kidogo kwa muda wa miaka mitano.

Haikuwa kazi nyepesi. Vita vilizuka mwezi wa Juni mwaka 1950, vikaendelea mpaka Julai 1953, vikaangamiza watu na miji. Hati za malipo walizopewa makabaila zilipoteza thamani kwa sababu bei za vitu zilipanda mno wakati wa vita, na wengi wao hawakuweza tena kurudi katika ukubwa wao wa zamani. Nchi ilitoka vitani ikiwa ombaomba, ikilishwa kwa misaada ya Marekani. Pato la mtu mmoja kwa mwaka lilikadiriwa kuwa dola 67. Hata hivyo umaskini huo ulikuwa na tofauti moja kubwa na ule wa zamani: mkulima maskini sasa alisimama juu ya shamba lake mwenyewe.

KALAMU NA DAFTARI

Mgao wa pili ulikuwa wa elimu. Wakati wa ukoloni Wakorea walio wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Serikali iliamuru kwamba kila mtoto asome shule ya msingi kwa miaka sita, na ilipofika karibu mwaka 1960 takriban watoto wote walikuwa shuleni. Wakati wa vita masomo yalifanyika katika mahema na chini ya miti. Baadaye madarasa ya mijini yalijaa hata watoto wakasoma kwa zamu mbili au tatu kwa siku. Walimu hawakutosha, madawati hayakutosha, lakini mlango haukufungwa kwa mtoto wa mkulima.

Mkulima ambaye hakudaiwa tena nusu ya mpunga wake alipata kitu cha kuuza kwa ajili ya ada. Wakorea walikuwa na msemo wa kejeli kwamba vyuo vikuu vyao ni minara iliyojengwa kwa mifupa ya ng'ombe, kwa sababu baba wengi wa vijijini walimuuza ng'ombe wa kulimia ili mtoto aendelee na masomo. Makabaila nao, kwa kuwa ardhi ya shule ilipata nafuu katika sheria ile, waliona afadhali waitoe ardhi yao kuanzisha shule kuliko kuipoteza. Hivyo mageuzi ya ardhi yalisaidia elimu kwa njia mbili kwa wakati mmoja.

Sasa lile swali la saruji linapata jibu. Njia ya kijiji ilipohitaji kupanuliwa mwaka 1971, ilikuwa lazima mtu atoe ukanda wa shamba lake. Wengi walitoa bila malipo, ingawa si bila manung'uniko. Walikubali kwa sababu gari litakalopita katika njia hiyo litabeba mpunga wao na mbolea yao, na kwa sababu walijua kusoma hesabu za kijiji zilizowekwa mbele yao. Mpangaji wa kabaila asingefanya hivyo, wala asingekuwa na shamba la kutoa.

KIJIKO CHA MCHELE

Kila kijiji kilichagua viongozi wawili wa harakati, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, nao hawakulipwa mshahara. Kumchagua mwanamke kuwa kiongozi halikuwa jambo dogo katika nchi ambayo kwa desturi mke hakusimama kusema mbele ya wazee.

Akina mama walianza na kile kilichokuwa mikononi mwao. Kila walipopika, waliondoa kijiko kimoja cha mchele wakakitia katika mtungi maalumu. Mwisho wa muda fulani mitungi ilikusanywa, mchele ukauzwa, na fedha zikawekwa katika mfuko wa umoja wao. Kwa fedha hizo walifungua maduka ya ushirika, ili mama asitembee mwendo mrefu kununua sabuni na chumvi. Katika vijiji vingi walipambana pia na vilabu vya pombe na michezo ya kamari iliyokuwa ikimeza fedha za mavuno katika miezi ya baridi, wakati kazi ya shamba imesimama. Ndoa ngapi zilipata amani kwa sababu ya kijiko kile, hakuna aliyehesabu.

Serikali nayo iliweka bei nzuri ya kununulia mpunga kwa wakulima, ikauza mchele mijini kwa bei ya chini, na hasara ikaibeba yenyewe. Mbegu mpya ya mpunga iliyoitwa Tongil iliongeza mavuno, na mwaka 1977 nchi ilijitosheleza kwa mchele. Nyumba nyingi za vijijini zilikuwa bila umeme mwaka 1970. Mwisho wa muongo huo karibu zote zilikuwa nao.

MSAADA UNAOFUATA KAZI

Kanuni iliyotumika vijijini, yaani kumwongezea anayeonyesha kazi, ilikuwa imekwisha tumika kwa wenye viwanda. Jenerali Park Chung Hee aliitwaa serikali kwa nguvu za kijeshi mwezi wa Mei mwaka 1961. Utawala wake ulitoa mikopo nafuu kwa makampuni, lakini kwa sharti kwamba yauze bidhaa nchi za nje; kampuni iliyoshindwa kufikia lengo ilihatarisha mikopo yake. Mwanzo bidhaa zenyewe zilikuwa za kawaida tu: nguo, mbao za kubandika, na nywele za bandia. Mwaka 1964 mauzo ya nje yalifika dola milioni 100. Mwaka 1977 yalifika dola milioni 10,000.

Mtaji wa kazi hiyo ulitoka pia katika jasho la watu wa kawaida. Kuanzia mwaka 1963 wachimbaji wa makaa ya mawe karibu 8,000 na wauguzi zaidi ya 10,000 walikwenda Ujerumani ya Magharibi kufanya kazi, wakatuma mishahara yao nyumbani. Kati ya mwaka 1964 na 1973 askari zaidi ya 300,000 wa Korea ya Kusini walipelekwa kwa zamu katika vita vya Vietnam. Sehemu kubwa ya posho zao ilirudi kwa wazazi na wake zao, na askari karibu 5,000 hawakurudi kabisa. Barabara kuu ya kutoka Seoul hadi Busan, yenye urefu wa kilometa 428, ilifunguliwa Julai 1970, na wafanyakazi 77 walikufa katika kuijenga. Kiwanda cha chuma cha Pohang, ambacho wakopeshaji wa nje walisema hakitaleta faida, kilianza kutoa chuma mwaka 1973.

Viwanda hivyo vilipohitaji mafundi wenye kusoma maagizo ya mashine, vijana waliosoma walikuwapo. Vilipohitaji wanunuzi wa bidhaa za kwanza, wakulima wenye pato dogo lakini la hakika walikuwapo. Chungu kilijaa upesi kwa sababu kila nyumba ilikuwa na jiko.

DENI LA WALIOSAHAULIWA

Ingekuwa ni udanganyifu kuieleza habari hii kana kwamba yote yalikuwa mema. Mahali ambapo mgao uliahirishwa, nchi ililipa kwa uchungu.

Katika soko la Pyeonghwa mjini Seoul, wasichana wadogo walishona nguo katika vyumba vya dari fupi, bila hewa safi, tangu asubuhi mpaka usiku. Sheria ya kuwalinda wafanyakazi ilikuwapo tangu mwaka 1953, lakini haikufuatwa. Kijana mmoja mkata nguo, Jeon Tae-il, aliisoma sheria hiyo, akapeleka malalamiko kwa wakubwa mara kwa mara, wala hakusikilizwa. Tarehe 13 Novemba 1970, akiwa na umri wa miaka 22, alijichoma moto hadharani, akipaza sauti kwamba wafanyakazi si mashine. Ilikuwa ni wakati ule ule ambapo saruji ilikuwa ikipelekwa vijijini.

Mwaka 1972 katiba ilibadilishwa ili Rais Park atawale bila kikomo, na aliyesema kinyume alifungwa. Vijijini nako maofisa wengine walisahau kwamba wanakijiji ndio waliopaswa kuamua. Walilazimisha mapaa ya mabua yang'olewe upesi ili kijiji kionekane kipya mbele ya wakaguzi, na badala yake yakawekwa mabati ya asbesto, madini yenye nyuzi ambayo hudhuru mapafu. Leo, zaidi ya miaka hamsini baadaye, serikali bado inatumia fedha kuyaondoa mapaa hayo. Mbegu ya Tongil nayo iliagizwa kwa nguvu hata pasipofaa. Ugonjwa wa mpunga wa mwaka 1978 na baridi kali ya mwaka 1980 ziliwatia hasara wakulima, na mbegu hiyo ikaachwa.

Rais Park aliuawa mwezi wa Oktoba mwaka 1979. Katika mwezi wa Mei mwaka 1980 wananchi wa mji wa Gwangju waliodai uhuru walipigwa risasi na askari wa nchi yao wenyewe, na jeraha hilo halijasahauliwa mpaka leo. Mwezi wa Juni mwaka 1987 umma wa Wakorea ulijaa barabarani, na serikali ikakubali uchaguzi wa rais kwa kura ya wananchi. Miezi michache baadaye wafanyakazi waligoma kila mahali, na mishahara ikapanda. Waliotabiri kwamba uchumi utaanguka kwa sababu hiyo walikosea. Nchi iliendelea kukua. Bima ya matibabu, ambayo mwaka 1977 ilianza kwa makampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 500, ilimfikia kila raia mwaka 1989, yaani katika muda wa miaka kumi na miwili tu.

PETE ZA DHAHABU

Mwishoni mwa mwaka 1997 jaribu jingine lilikuja. Makampuni makubwa yalikuwa yamekopa kupita kiasi, fedha za kigeni zikakauka, na Korea ya Kusini ikalazimika kuomba msaada wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Mapema mwaka 1998 raia walipanga foleni kutoa dhahabu zao ili ziuzwe nje kwa dola: pete za arusi, nishani, na zile pete ndogo anazopewa mtoto anapotimiza mwaka mmoja. Walilipwa thamani yake kwa fedha za nchi, lakini hakuna malipo yanayorudisha pete ya arusi. Watu kama milioni tatu na nusu walishiriki, na dhahabu iliyokusanywa ilikuwa tani 227 hivi. Mkopo wa Shirika lile ulilipwa wote mwezi wa Agosti mwaka 2001, kabla ya wakati wake. Watu wanaojiona kuwa wamo katika mali ya nchi ndio wanaoweza kutoa pete vidoleni kwa ajili ya deni ambalo hawakulikopa wao.

Hata hivyo deni moja bado halijalipwa. Vijana waliochanganya saruji mwaka 1970 ni wazee sasa. Pensheni ya taifa ilianza mwaka 1988 tu, wakati wengi wao walikuwa wamekwisha tumia kila walichonacho kusomesha watoto. Leo pato la mtu kwa mwaka limepita dola 30,000, lakini karibu wazee wanne katika kila kumi wanahesabiwa kuwa maskini. Nao vijana, kwa kuona gharama ya nyumba na masomo, wanaogopa kuzaa: mwaka 2023 kiasi cha uzazi kilishuka hadi watoto 72 kwa kila wanawake 100. Utajiri uliojengwa na jamaa sasa unazinyima jamaa watoto.

YATUHUSUYO SISI

Habari hizi haziko mbali nasi. Mwezi wa Mei mwaka 2016 kituo cha kuwafunza viongozi wa wakulima kwa mafundisho ya Saemaul kilifunguliwa Kampiringisa, wilaya ya Mpigi, katika Uganda. Ni jambo jema. Lakini anayefundishwa kuhusu saruji hana budi kufundishwa pia kuhusu shamba lililotangulia saruji.

Uganda yenyewe inao ushahidi wake wa kale. Mapatano ya mwaka 1900 yaliigawa ardhi kubwa ya Buganda kwa wakubwa wachache, na wakulima wakawa wapangaji juu ya vibanja vyao. Sheria ya Busulu na Envujjo ya mwaka 1927 iliweka kikomo cha malipo ambayo mwenye ardhi aliweza kudai, na ikamzuia asimfukuze mpangaji ovyo. Mkulima akapata uhakika, akapanda mibuni, mti ambao hauzai mpaka miaka kadhaa ipite. Hapandi mbuni mtu asiyejua kama kesho atakuwapo.

Kwa hiyo, mradi wowote unapotangazwa, uwe wa barabara, kiwanda au ushirika wa wake wa askari kambini, mwananchi ana haki ya kuuliza mambo matatu. Je, watakaoufanya kazi wana sehemu yao tangu siku ya kwanza? Je, waliamua wenyewe, au waliletewa uamuzi pamoja na mifuko? Na siku mavuno yatakapofika, ni nani ambaye jina lake halimo katika orodha ya kupakuliwa?

Wakorea walijibu vizuri swali la kwanza, wakajibu nusu swali la pili, na swali la tatu wanalijibu hata leo. Mama aliyeweka kijiko cha mchele katika mtungi mwaka 1972 alikuwa na uhakika kwamba mtungi ule ni wa kwao. Siku kijiji kinapoanza kuutilia shaka mtungi, kijiko hurudi sufuriani, na hakuna ofisa wala amri itakayokitoa tena.